Anayeitika Nyuma

Mgeni wa mwisho katika msururu alipofika mlangoni pa ngome hakutazama kuta wala mizinga. Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akaanza kukagua visigino vyake.

"Kaka," alimwambia mwongozaji, "hebu mwambie yule mama wa nyuma apunguze haraka. Amenikanyaga njia nzima. Nimemwambia polepole mama, nimemwambia samahani mama, wapi! Tazama mwenyewe."

Visigino vilikuwa vimechubuka, na juu ya mchubuko palikuwa na majimaji meusi yenye harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Mwongozaji, ambaye mji mzima ulimwita Fimbo kwa sababu hakuonekana popote bila fimbo yake, aliinama akatazama, kisha akainua macho kuangalia njia waliyotoka. Mawe yalikuwa matupu. Hapakuwa na mama yeyote. Mkewe, ambaye ndiye mama wa nyuma wa siku zote, alikuwa nyumbani kitandani, goti limemvimba, na Fimbo mwenyewe ndiye aliyemfunika shuka asubuhi ile kabla ya kutoka.

Lakini na yeye alikuwa amemsikia. Pale katikati ya njia aliita kwa mazoea, na sauti ya mkewe ikamwitikia, naye akadhani mwanamke amejikaza akaja. Sasa akamwambia yule mgeni kwamba pole sana, mawe yale yana ncha.

Kazi yao ilikuwa hivi. Ngome ilijengwa zamani juu ya kisiwa kidogo kilicho karibu na ufuko, karibu kiasi kwamba mtu akipiga mluzi upande huu husikika upande wa pili. Maji yakijaa, kisiwa ni kisiwa. Yakipwa, hutokea njia ya mawe, na watu huvuka kwa miguu, matembezi mafupi tu, huku kaa wakitawanyika kushoto na kulia. Wageni waliipenda njia ile kuliko ngome yenyewe. Ubaya wake ulikuwa utelezi. Mawe yaliota mwani, na katikati ya njia, ubavuni kabisa, palikuwa na shimo lisilokauka, linalomeza maji na kuyatema kwa sauti ya mtu anayesukutua. Watu waliliita Koo. Ndiyo maana kila siku, kabla mguu wa kwanza haujakanyaga jiwe, Fimbo aliwasomea wageni sheria yake: tazama miguu yako, usigeuke nyuma. Anayegeuka huteleza, na anayeteleza humvuta mwenzake.

Wa mbele naye hageuki. Yeye ndiye anayechagua jiwe la kukanyaga. Kwa hiyo mume alitangulia na mke alifunga msururu, na kila walipofika mahali pabaya Fimbo aligonga jiwe kwa fimbo na kuita, "Nyumaaa?" Mkewe alihakikisha hakuna aliyebaki wala kuanguka, kisha akajibu, "Tupo!" Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, ikipita juu ya upepo na mawimbi kama kijiko kilichogonga glasi. Miaka ilivyokwenda mji ukasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bi Tupo kwa wauza vitunguu, Bi Tupo kwa majirani, na hata kaka zake walipobisha hodi walimwita hivyo hivyo kwa utani.

Na hilo goti lilianza zamani, ila Fimbo alikuwa mtu wa kusikia anachotaka. Siku moja kabla ya ile ya visigino, wakiwa ndani ya ngome mbele ya mlango wa chumba walichofungwa watu zamani, ambacho mji ulisema kina jini, Bi Tupo alimsogelea mumewe akamnong'oneza, "Goti limekataa, baba. Kesho tafuta mtu wa kushika nyuma."

Mume mwenye heshima angenong'ona naye. Fimbo aliwaona wageni wanatazama, na kicheko cha watu kilikuwa udhaifu wake. Akapaza sauti. "Jamani, mnamsikia? Eti kazi ngumu! Kutembea nyuma ya watu na kusema 'tupo'! Hata jini wa humu ndani anaiweza kazi hiyo." Akaugonga mlango wa kile chumba kwa fimbo yake, kama anavyogonga mawe. "We jini! Kesho njoo ushike nafasi ya mke wangu. Nimekupa!"

Wageni walicheka hadi wakashikana mabega. Bi Tupo hakucheka. Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaenda kusimama mwisho wa msururu kama kawaida yake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nao usaha wenyewe ulianza kutoka kesho yake, kwenye visigino vya mtu asiyehusika.

Siku ile wakati wa kurudi, Fimbo aliapa moyoni hataita. Alitembea amebana meno. Alipofika Koo alipita kimya, fimbo ameikumbatia kifuani isije ikagonga jiwe kwa bahati mbaya, na bado, kutoka mwisho wa msururu, bila kuitwa na mtu, sauti ya mkewe ikasema, "Tupo!"

Alifika nyumbani anahema. Bi Tupo alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, anachambua mchele kwenye ungo.

"Vipi, umekimbizwa?"

"Jua tu," alijibu Fimbo, akanywa maji ya mtungini mpaka yakammwagikia shingoni.

Mtu mwingine angesema ukweli palepale. Lakini binadamu huzoea, na Fimbo alizoea upesi kuliko wengi. Siku iliyofuata aliogopa. Iliyofuata tena aliogopa kidogo. Baadaye akaanza kuona faida: hakuhitaji kumtafuta mtu wa nyuma, na tangu yule jini aishike nafasi hakuna aliyezubaa njiani kupiga picha za kaa. Watu walitembea hima, kwa sababu kuna kitu kilichowakanyaga. Waliofika mwisho walilalamika visigino, Fimbo akawauzia plasta. Akiita, anajibiwa. Akajiambia kwamba hata majini wamo wema, na kwamba asiyekudhuru si adui yako. Ndivyo mtu anavyoongea akishaamua kutoona.

Mkewe ndiye aliyeona.

Ilianza na harufu. Bi Tupo alisema jikoni kunanuka majivu ya maji, naye hakuwa amewasha moto wa kuni tangu aolewe. Akafua mapazia, akasugua sakafu ameketi kwenye kigoda kwa ajili ya goti, na harufu ikabaki. Kisha jioni moja Fimbo, ameketi sebuleni anavua viatu, aliuliza kwa sauti, "Mke wangu, upo?" na kutoka jikoni akajibiwa, "Nipo, baba," na wakati huohuo mlango wa uani ukafunguliwa, Bi Tupo akaingia na nguo za kuanua mkononi, akasimama kizingitini, akaangalia mlango wa jikoni, kisha akamwangalia mumewe, na Fimbo alijua kutokana na uso ule kwamba na yeye alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mahali ambapo hakuwapo.

Nguo zilianguka. Hakuna aliyeziokota.

"Nani yuko jikoni kwangu?" aliuliza Bi Tupo, polepole mno.

"Hakuna mtu."

"Najua hakuna mtu. Nakuuliza ni nani."

Mkewe alijikokota akaja akaketi mbele yake, akavua kandambili, akamgeuzia visigino. Vilikuwa vimechubuka vyote viwili.

"Siku ya ngapi sijui," alinong'ona. "Nikienda msalani, kiko nyuma yangu. Nikienda uani, kiko nyuma. Nikisimama kinasimama. Nilidhani ni homa ya goti inanipanda kichwani. Umeleta nini humu ndani, mume wangu?"

Basi akasema. Alisema ya mlango, ya mzaha, ya wageni waliocheka. Alisema na ya siku zote alizoitikiwa akanyamaza. Sehemu ya plasta tu ndiyo aliyoiruka. Bi Tupo alisikiliza hadi mwisho, machozi yanamtiririka bila kelele.

"Kwa hiyo umegawa nafasi yangu," alisema. "Mbele ya watu. Ili wacheke."

Mganga ambaye jirani aliwapeleka kwake hakuwa na mkufu wa hirizi wala chumba cha giza. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mnene, aliyeshona sare za shule kwenye kibaraza chake na kuwasikiliza wenye majini huku pini zimejaa midomoni. Aliposikia habari yao alisimamisha cherehani. Alizitema pini moja moja kiganjani.

"Angekuwa amewavamia, ningemtoa leo hii na jioni ningemaliza sare zangu," alisema. "Lakini huyu hakuvamia. Ameajiriwa. Umempa nafasi kwa mdomo wako, mbele ya mashahidi, ukabisha na mlango. Jini wa namna hii hafukuzwi na mtu mwingine. Anaachishwa na aliyempa kazi."

"Nimwachishe vipi?" aliuliza Fimbo.

"Uende peke yako, maji yakipwa, mchana kweupe. Upite njia yako yote mpaka ngomeni, halafu urudi. Ukifika pale pabaya penu uite kama unavyoita. Akiitika, ugeuke. Umtazame usoni. Umwambie: nafasi hii ina mwenyewe, nakuachisha. Basi, umemaliza."

"Ugeuke," alirudia Fimbo.

"Ugeuke mwili mzima. Usije ukamsemea begani. Kumwachisha mtu kazi huku umempa kisogo ni matusi, na hawa wanajua matusi." Fundi akamgeukia Bi Tupo, sauti ikashuka. "Na wewe, mwanangu, mpaka huyu awe amemgeukia, usirudi nyuma ya msururu. Nafasi moja haikai wawili. Ukirudi na yeye yupo, mmoja atatoka, na si yeye."

Akarudisha pini midomoni, na cherehani ikaanza tena kulia.

Fimbo alikwenda. Hilo tumpe, alikwenda. Jua lilikuwa kali, bahari imetulia, na njia ya mawe imelala wazi mbele yake na kuonekana fupi kuliko siku zote. Kwenda hakusikia kitu. Aligusa ukuta wa ngome, akageuza uso kuelekea mjini, akaanza kurudi, na hatua za mwanzo zilikuwa zake peke yake. Kisha zikaongezeka nyingine, nyepesi, zenye majimaji, zikitua palepale alipoinua mguu, na ile harufu ikaja ikampita masikioni, na kila alivyojitahidi kutembea taratibu kama mtu mzima mwenye akili zake ndivyo kile kilichokuwa nyuma kilivyosogea, mpaka ukucha ukagusa kisigino, ukakwaruza, ukagusa tena, bila hasira wala haraka, kama mtu anayesubiri foleni na amechoka kidogo kusubiri.

Alifika Koo. Shimo lilisukutua. Akagonga jiwe, na kwa sauti iliyopasuka akaita, "Nyuma?"

"Tupo," ikajibiwa, karibu sana na sikio.

Geuka, alijiambia. Geuka sasa.

Shingo ilikataa. Miaka yote hiyo aliwafundisha watu wasigeuke, na sasa mafundisho yale yalimkaa mwilini na yakawa kisingizio kizuri, maana ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na wa aibu: aliogopa. Aliogopa kuliko alivyompenda mkewe. Alisimama hapo, jasho linamwingia machoni, na yule wa nyuma akamsubiri, kisha akasema kwa ile sauti ya Bi Tupo, kwa upole wote wa Bi Tupo akimwamsha asubuhi:

"Si umeambiwa ugeuke? Geuka basi, baba. Mimi niko tayari."

Fimbo alifumba macho. Akiwa ameelekea mjini, kisogo kwa huyo mwajiriwa wake, akasema haraka haraka, "Nafasi hii ina mwenyewe nakuachisha."

Kikaja kicheko, na kilikuwa kile cha mkewe cha zamani, cha mwaka waliooana, alichokuwa akikicheka kabla hajazoea kuchekwa. Fimbo alikuwa amekisahau. Hakujua kwamba kuna mtu au kitu kingine kilichokihifadhi.

"Haya," ilisema sauti. "Nimekusikia."

Hatua za nyuma zikakoma. Harufu ikaondoka na upepo. Fimbo akatembea mpaka ufukoni kama mtu aliyelewa, na njia nzima akijisemea kwamba amesikiwa, amesema amesikia, na mwenye kusikia si ndiye aliyeambiwa? Kufika nyumbani uongo ulikuwa tayari umeiva.

Bi Tupo alikuwa mlangoni anamsubiri, ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

"Umemgeukia?"

"Nimemgeukia."

"Ana sura gani?"

"Hana sura," alisema Fimbo. "Kama moshi tu."

"Masikini," alisema mkewe, akacheka huku analia, akamkumbatia. Ndio uchungu wa habari hii: alimwonea huruma hata jini, na alimwamini mumewe.

Siku zilizofuata nyumba ilitulia. Jikoni kulinukia vitunguu na sabuni. Visigino vya Bi Tupo vilipona, goti likapungua uvimbe, akaanza kupanda na kushuka ngazi za uani kwa majaribio. Fimbo aliajiri mtu wa nyuma, kijana wa mtaani asiyejua kupaza sauti, na kila jioni Bi Tupo alimcheka akisikia jinsi anavyoitika kama mtu aliyekabwa. Fimbo naye alicheka, akaanza kuamini kwamba kumbe kisogo kinatosha. Mwenye jambo la aibu hupenda kimya, hukiita amani.

Kisha siku moja Bi Tupo akaamka mapema kuliko yeye, akafunga mtandio wake wa kazini.

"Pumzika na leo," alisema Fimbo.

"Nimepumzika mpaka nimechoka."

"Goti..."

"Goti limekubali. Kuna nini?" Alimtazama. "Si umemgeukia?"

Hapo palikuwa na mlango, msomaji, na ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lingetosha. Angezomewa, angenuniwa, labda angelala sebuleni kwa muda, na mkewe angeishi.

"Nimemgeukia," alisema Fimbo, akachukua fimbo yake.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha mabati waliopewa siku ya kupumzika, watu wachangamfu, wenye nyimbo. Mwisho wa msururu wao alikuwa msimamizi wao, jitu la watu, na nyuma yake akasimama Bi Tupo. Kwenda kulikuwa kwema. "Nyumaaa?" "Tupo!" Sauti ilipanda juu ya maji, safi, na wauza vitunguu waliokuwa ufukoni wakainua mikono kumshangilia. Ndani ya ngome, mbele ya ule mlango, Fimbo hakufanya mzaha wowote. Bi Tupo aliugusa mlango kwa kiganja, akautikisia kichwa, akapita.

Wakati wa kurudi mvua ikawakuta. Ilitoka baharini kwa ghafla, ikashusha pazia, na Fimbo akawaharakisha watu kwa sababu maji yalikuwa yameshaanza kugeuka. Mawe yalimetameta. Upepo ulizichukua nyimbo za wale watu ukazitupa. Alipofika Koo shimo lilikuwa limejaa na linanguruma, akapita, akatembea mpaka alipokadiria kwamba wa mwisho naye amelifikia, akagonga jiwe, akaita kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo hazikutosha, hata yeye mwenyewe alijisikia kwa mbali.

"Tupo!"

Ilikuja safi. Ilikuja safi mno. Katikati ya upepo ule na mvua ile na ngurumo ile ilikuja kana kwamba wako sebuleni, haina pumzi fupi ya mwanamke mwenye goti bovu anayekimbizwa na maji, na pamoja nayo, kwenye mvua isiyoruhusu harufu yoyote, Fimbo alinusa majivu. Akajua. Asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Alijua palepale, mguu mmoja juu ya jiwe na mwingine hewani, alijua kama mtu anavyojua kwamba amekanyaga msumari, na kitu alichotakiwa kufanya kilikuwa kilekile alichotakiwa kukifanya tangu mwanzo, kugeuka, kugeuka tu, na watu walikuwa nyuma yake na maji yanapanda na shingo yake ilikuwa shingo yake. Akashusha mguu mbele. Akaongeza mwendo.

Ufukoni watu walikimbilia chini ya paa la kibanda, wanacheka, wanakamua mashati. Msimamizi aliingia wa mwisho. Hakuna aliyemfuata.

"Mama yuko wapi?" aliuliza mmoja.

Msimamizi alitazama nyuma yake, akashangaa. "Si alikuwa nami? Kule kwenye lile shimo nilisikia kishindo, nikasikia mtu kama analia, anasema mume wangu, mume wangu. Nikataka kugeuka." Alimtazama Fimbo, macho yanaomba. "Lakini wewe ulisema tusigeuke. Halafu ukaita, naye akaitika tupo. Nikajua ametoka. Akanikanyaga mpaka hapa. Kaka, si ametoka?"

Wanaume wa kiwandani walirudi kwenye njia ile, maji yanawafika viunoni, wakishikana mikono, wakiita jina ambalo hawakujua kwamba si jina. Fimbo alibaki amesimama chini ya kibanda. Mvua ilipokatika, njia ilikuwa imezama na kisiwa kimekuwa kisiwa.

Walimpata maji yalipopwa tena, ndani ya Koo, mtandio wake umefungwa vizuri kichwani. Wanawake waliomwosha walitoka kimya. Yule fundi cherehani alikuwa miongoni mwao, na ndiye pekee aliyemwendea Fimbo, akamwinamia pale alipoketi na watu.

"Visigino vyake vimeliwa mpaka mfupani," alimnong'oneza. "Ulimgeukia?"

Fimbo alitazama mkeka.

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema fundi. Akaenda kushona sanda.

Walimzika siku iliyofuata, kumetakata, mji mzima umefunga biashara. Kaka zake na majirani walilibeba jeneza mabegani, na Fimbo, kama ilivyo kwa mume, aliwekwa mbele ya wote. Hakuwa na nguvu, wakampa fimbo yake aiegemee. Alitembea anatazama miguu yake. Watu waliongea kwa sauti za chini, walisema alikuwa mwanamke wa namna gani, walisema hakuwahi kumwacha mtu nyuma.

Karibu na lango la makaburi palikuwa na mtaro, na mvua ya juzi ilikuwa imeujaza. Juu yake waliweka mawe ya kukanyagia. Waliobeba jeneza walisita, mmoja akasema taratibu, panateleza hapa. Na Fimbo, ambaye akili yake haikuwa pale, aliona mawe, aliona maji, akasikia nyayo za watu wengi zikisubiri nyuma yake. Mkono ulifanya uliyoyazoea. Fimbo ikagonga jiwe. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Nyumaaa?"

Kabla hajamaliza alijua alichokifanya, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Tupo!"

Ilitoka juu ya mabega ya watu, ndani ya mbao, nyembamba na safi, na nyuma yake kidogo kikafuata kile kicheko cha mwaka waliooana. Kaka mmoja alipiga yowe. Jeneza likayumba, mikono mingi ikalidaka. Wanawake waliosindikiza mpaka pale wakaanza kukimbia, wazee wakataja jina la Mungu, na mji mzima, kuanzia wauza vitunguu hadi yule jitu wa kiwandani aliyekuja kuomba msamaha, ukageuka kulitazama jeneza.

Kitu chenye majimaji kikamkanyaga Fimbo kisigino. Kikasubiri.

Hakugeuka.